"Halas" Niliyomwambia Madam Imemfunga Mdogo Wangu

Admin, nifiche jina nakuomba, kuna mtu akinijua hapa nimekwisha. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, Mkenya, nafanya kazi za nyumbani hapa Malaz, Riyadh. Naandika nikiwa bafuni, nimefungulia maji ili madam asisikie nikilia.

Kabla sijasafiri, mdogo wangu alishikwa eti amevunja duka. Jamani, siku hiyo tulishinda naye kwa mama tukipiga rangi nyumba! Nikaandikisha taarifa polisi, nikaacha namba, nikaja huku.

Siku moja wageni wamejaa, niko jikoni, simu ikalia. Kiongozi wa mashtaka. "Dada, uko mbali, kortini hutafika. Hii taarifa yako si tuiondoe tu?" Sijafungua mdomo, madam akapaza sauti kutoka sebuleni, "Yalla, kahawa!" Nikamjibu, "Halas, halas, madam!" Yaani imekwisha, iko tayari. Mlio huku mnajua, hilo neno tunalisema mpaka usingizini. Yule bwana akasema, "Sawa, asante," akakata. Nilidhani ni mtandao. Haki ya Mungu sikuwaza tena.

Kumbe ameandika nimejiondoa! Na taarifa yangu akaificha, hata wakili wetu hakuiona. Mdogo wangu akafungwa miaka minne.

Wakili alipogundua, akampeleka yule kiongozi wa mashtaka kwa jopo la nidhamu la mawakili. Aliniambia, "Kiongozi wa mashtaka naye ni wakili, ana sheria zake. Hata kama ungejiondoa kweli, alipaswa kutuonyesha." Sasa anataka nile kiapo kwa maandishi ubalozini, wiki hii, kitumike kwa hilo jopo na kwenye rufaa.

Juzi yule bwana akanitumia ujumbe: "Sauti yako ninayo. Ukiapa hukujiondoa, utapokewa na pingu uwanja wa ndege." Hiyo halas sijamwambia wakili. Hata mama hajui.

Nikamwomba mume wa madam ruhusa ya kwenda ubalozini. "Mafi! Hakuna! Ukitoka, naripoti umetoroka." Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, anayo yeye, na Ijumaa tunahamia Jeddah kwa mamake madam, mwezi mzima. Dereva wa jirani, Mkenya mwenzetu, amesema atanipeleka Alhamisi asubuhi madam akiwa kazini. Nikikamatwa njiani bila ikama, ni jela.

Jana mama alitoka kumwona mdogo wangu gerezani, akanipigia. "Amesema usijisumbue, anajua wewe ndiye ulimtetea." Nikasingizia madam ananiita.

Alhamisi ni keshokutwa. Dada zangu, kaka zangu, nitoke au nikae? Na nikifika mbele ya hiyo karatasi, niandike kwamba ile sauti ni yangu?