Bodi Iliyoanguka Gerejini Kwangu

Fundi wa jipsamu wa Haydom amefariki. Nilipata habari Jumanne asubuhi nikiwa dukani nasubiri mkate, na aliyenipa ni dereva wa bodaboda aliyedhani tayari najua, kwa hiyo aliniuliza tu kama nitakwenda Maretadu kuzika. Niliondoka bila mkate. Tangu siku hiyo situlii mahali. Safu hii nimeianza mara tatu, na mara zote tatu nimeinuka, nimezunguka nyumba, nimeingia gereji, nimetazama dari, nimetoka. Mke wangu ameniuliza natafuta nini, nikamjibu natafuta tepu ya kupimia. Sitafuti tepu. Kuna neno nililopaswa kulisema miaka miwili iliyopita ili kulinda jina la mtu yule, nami sikulisema. Sasa ameondoka, na jina lake bado lina doa nililoliweka mimi. Ninyi wasomaji wangu mmezoea kunisikia nikiwakemea wakandarasi na madiwani. Leo mtanivumilia, maana wa kukemewa ni mimi.

Mambo yalianza na goti la mama. Mama yangu anaishi Tlawi, na daktari alitaka akae karibu na hospitali kwa wiki kadhaa. Mnajua Haydom ilivyo: kila mwenye nyumba ana mgeni aliyeshuka kwenye basi na karatasi za kliniki mkononi. Vyumba vyangu vilikuwa vimejaa shemeji na binamu, ikabaki gereji. Gari nilishaliuza, na mle ndani walikuwa wakiishi magunia ya mahindi na kuku wawili wenye kiburi. Nikaamua kuweka dari na kuta za bodi za jipsamu, mama asilale chini ya bati tupu na baridi ya kwetu. Ndipo nilipomwita fundi. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, mpole wa sauti, na kwa muda mrefu alikuwa peke yake hapa mjini kufanya kazi hiyo tu, bila kuichanganya na uashi wala rangi. Binti yake, mama wa watoto wawili, alikuwa ameshaanza kufanya naye kazi, na watu walikuwa bado wanalishangaa jambo hilo.

Mimi ni mtu wa kupenda kumiliki zana hata nisizojua kuzitumia, kwa hiyo nilimwambia nataka kununua mashine yangu mwenyewe ya kufungia skrubu. Tukaenda pamoja duka la vifaa vya ujenzi. Zilikuwepo tatu. Moja ilikuwa drili kubwa ya umeme, ile inayotoboa hata zege, nami niliipenda nilipoitia machoni. Fundi hakubishana. Alinipa mkononi, akaniambia niinue juu ya kichwa kana kwamba nafunga dari, kisha akageuka kumsalimia mwenye duka. Akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za goti la mama yangu, na alipofika kwenye mvua za Hanang mkono wangu ulikuwa unatetemeka na wateja wanacheka. Ya pili ilikuwa ya kuvutia, skrubu zake zimepangwa kwenye mkanda na zinajiingiza zenyewe. Aliuliza mikanda hiyo inapatikana wapi, akaambiwa Arusha, akairudisha rafuni. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya betri, na betri ya pili ya kuchaji umeme ukiwepo. Mbele ilikuwa na pua unayoweza kuirekebisha, ili kichwa cha skrubu kikifika kwenye karatasi ya bodi, mashine iachie yenyewe. Alinieleza kwamba jipsamu ni kama chokaa iliyobanwa katikati ya karatasi mbili, na kinachoshika bodi ni karatasi. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu. Kikiichana karatasi, umefunga hewa.

"Nguvu, zote tatu zinazo, Mwalimu," alisema, akiniita kama mji mzima unavyoniita. "Angalia ipi inajua kuacha."

Nilinunua ile kubwa. Sina utetezi, niliona aibu kutoka dukani na kitu kidogo. Fundi alitabasamu, akasema hiyo nitaitumia siku nikijenga ghorofa, na kwamba Jumatatu, akishamaliza kazi moja kwao Maretadu, atakuja na ya kwake. Lakini mama alikuwa anafika Jumatatu hiyohiyo, nami kungoja ni kipaji nilichonyimwa. Jumamosi nikaita majirani. Kwetu kazi ya nyumba ni ya wengi: unapika, unaita, wanakuja. Walikuja wanaume sita, na wote ni watu walioezeka nyumba zao wenyewe huku juu, mahali ambapo upepo ukikuta bati limelegea unaliangusha shambani kwa jirani. Tangu utotoni tumefundishwa jambo moja kuhusu paa: kaza, na ukidhani umekaza, kaza tena. Basi tukakaza. Kila skrubu tuliisukuma kwa ile mashine kubwa mpaka kichwa kikapotelea ndani, na kila iliyozama zaidi ilipigiwa makofi. Kabla ya chakula cha mchana dari ilikuwa imekwisha, nami nikampigia fundi simu asihangaike kuja Jumatatu. Nilisimama katikati ya gereji nikijiona mhandisi.

Siku kumi baadaye mama akiwa kliniki, bodi moja nzima iliachia ikaangukia kitanda chake, upande wa mto. Majirani walijaa, na mmoja ambaye hakuwepo ile Jumamosi akauliza kama hii si kazi ya yule fundi wa jipsamu, maana alikuwa ametuona tukiingia naye dukani. Wale niliokaza nao walinitazama, wakaniachia mwenye nyumba nijibu. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini na fimbo yake, akitaka kujua nani alitaka kumuua. Nikasema, "Mafundi wa siku hizi." Maneno manne tu. Sikumtaja mtu, na kila mtu alielewa nimemtaja nani.

Fundi alikuja kesho yake bila kuitwa. Alimwamkia mama, kwa sababu mama ni mkubwa kwake, akapanda ngazi, akaingiza kidole kwenye matundu moja baada ya jingine. Mama alikuwa amekaa pale pale akimwambia, kwa upole wake wa Tlawi, kwamba kila mtu hukosea na asirudie. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja mbele ya mama yangu. Alisema tu, "Samahani, mama, nitairekebisha," akafungua dari yote, akaifunga upya kwa mashine yake ndogo, na hakukubali hata chai. Nilimsindikiza hadi njiani.

"Utawaambia?" aliniuliza.

Nilimwambia nitawaambia. Naye alinisadiki, na hilo ndilo linaloniinua kwenye kiti kila nikikaa. Miaka miwili nimekutana naye barabarani, nikimwamkia shikamoo kwa adabu zote, naye akiitikia marahaba bila kinyongo ninachoweza kukikumbuka. Wiki ya kwanza nilisubiri nafasi nzuri. Mwezi wa kwanza nikajiambia watu wameshasahau. Hawakuwa wamesahau. Nilisikia amenyimwa dari ya nyumba ya mchungaji, kisha ya mwalimu mkuu mmoja, na kila mahali sababu ilikuwa ile bodi ya kwa Mwalimu. Fundi wa kwetu hana bango wala tangazo redioni. Ana midomo ya watu tu, na mdomo uliopaswa kuwa wa kwanza kumtetea ulikuwa ukiandika kila wiki gazetini kuhusu uwajibikaji.

Nimefikiri sana siku hizi kuhusu tunavyopenda nguvu. Tunachagua mashine kwa ngurumo yake, mgombea kwa sauti yake, na mzazi anayechapa zaidi tunasema ndiye anayelea. Kukaza tunakujua vizuri. Mtu anayefika mahali akaacha, kwa sababu akiongeza kidogo atachana kitu kisichoshoneka, tunamwona dhaifu. Yule mzee alipokuwa juu ya ngazi yangu na ukweli wote mkononi, aliacha. Nilidhani ameniogopa kwa kuwa naandika gazetini. Leo najua alimwonea huruma mama yangu, asimwone mwanawe mwongo katika chumba ambacho mwanawe alikuwa anajivunia kumjengea.

Maretadu tulikwenda, mama naye. Baada ya kuzika alishika mkono wa mjane, na binti akiwa amesimama pembeni yake, mama yangu akasema, kwa nia njema kabisa, "Mimi ile bodi nilishamsamehe marehemu." Binti aliinamisha kichwa akasema asante, mama. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Niliangalia viatu vyangu.

Sasa nasema, na nimechelewa: dari ile niliifunga mimi, kwa mashine niliyoonyeshwa kuwa haifai, kabla fundi hajafika. Yeye aliirekebisha, na haijatikisika tangu hapo. Binti yake anafanya kazi ileile kwa mashine ya baba yake, na wapo wanaomuuliza kama yeye ni wa yule wa bodi iliyoanguka. Kosa ambalo mwenyewe hakulikiri halikai likimsubiri. Linakwenda kukaa kwa mtu mwingine, linamnyima kazi, na akifa linamhamia mtoto wake. Hilo ndilo nililojifunza, na nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Mama hasomi gazeti. Kesho asubuhi nakwenda Tlawi kumsomea safu hii yote, na binti wa marehemu nimemwomba awepo. Amekubali, ila amesema hatakaa sana. Najua mama ataniuliza kwa nini nilimwacha amsamehe mtu ambaye hakumkosea.