Goti la Mdogo Wangu

Naikumbuka siku moja ya maji kupwa hapa Kibuyuni, mwanangu. Nilikuwa nimeinama nikifunga mwani kwenye kamba, mara nikamwona mdogo wangu Hamisi anakuja akichechemea, begi lingali begani.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikawalea wadogo zangu watatu kwa mwani huu huu. Hamisi alirefuka mpaka akawa anainama kila mlango, mwisho timu moja ya Mombasa ikamwajiri kucheza mpira wa kikapu. Jina lake hukulisikia redioni, wala hutalisikia. Alikuwa mtu wa kuingizwa dakika za mwisho, wenziwe wakishachoka. Lakini mimi nilimtangaza kijiji kizima kama mwezi wa Idi.

"Karibu, Mlingoti!" Bi Mwanakombo, jirani yangu wa kamba ya pili, alimtania. "Huko juu kwako kunanyesha?"

Hamisi alicheka, kisha akanigeukia. "Dada, goti limevimba. Daktari amesema nipumzike msimu mzima. Nataka kukaa nyumbani."

Mimi niliwaza watu watasemaje: bingwa wake karudi kufunga mwani.

"Goti tu? Sisi tumeshayaona makubwa kuliko hayo," nikamwambia. "Kesho urudi."

Bi Mwanakombo akajinyoosha, mkono kiunoni. "We Fatuma, mwani ukiachwa kambani ukanenepa kupita kiasi, huwaje?"

"Hukatika."

"Basi na huyu umemtwika sifa zako, atakatika. Muulize goti lake kwanza."

"Huyu ni ndugu yangu, Bi Mwanakombo, si wako."

Mama wa watu, rika la mama yangu, akainamia kamba yake. Hamisi alirudi Mombasa. Hakuzoea kunikatalia, mimi ndiye niliyekuwa mama yake na baba yake. Mechi ya tatu aliruka, akaanguka, na hakuruka tena.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia nilikuwa mimi, mwanangu, na guu lililovunjika ni la mwenzangu.

Siku hizi Hamisi hufunga mwani pale ufukweni, ameketi juu ya ndoo, mguu ameunyoosha. Hajanilaumu hata mara moja. Angenilaumu, labda ningepumua. Bi Mwanakombo alifariki kabla sijamwomba radhi ya kweli, nami nimebaki nayo kifuani.

Kwa hiyo ukimlea mtu, usimfanye pambo la taabu zako. Ukimpeleka mbali, mwachie na njia ya kurudi. Akija anachechemea, mpe pa kukaa kabla hujafikiria majirani, na mkubwa akikuonya, meza jibu lako.

Mungu akujaalie mlango wa kukupokea siku utakayorudi mikono mitupu, na mlango wako nao usiwe mfupi kwa mtu yeyote. Amina.