Mdogo Wangu na Nyonga Mpya

Mdogo wangu hajui kudanganya. Kwenye cherehani hana mpinzani, na utani haumwishi mdomoni. Lakini uongo, hapana, hauwezi.

Sote wawili tumezaliwa na nyonga zisizokaa vizuri kwenye vikombe vyake, yeye ya kushoto, mimi ya kulia. Kwa tulivyochechemea, wateja wa duka letu la ushonaji walituita Mabata. Mimi nilinuna. Yeye aliwajibu, "Leteni vitambaa, mabata tuna kazi."

Daktari wa mifupa akatupiga picha. Mdogo wangu akawekewa nyonga ya chuma. Mimi nikaambiwa mfupa wangu wa paja umepinda na tundu lake la ndani ni jembamba mno. Hata chuma kidogo kuliko vyote hakiingii, na kukilazimisha ni kuupasua. Mama mmoja, baba mmoja, mifupa kila mtu na yake!

Kidonda chake kikapona, magongo akayaacha, lakini bado alichechemea. Mtaalamu wa mazoezi akamfokea: akiendelea hivyo misuli italegea, na nyonga yenyewe itaharibika. Masikini, nikawa namkanda kila jioni.

Kumbe! Juzi niko dirishani, namwona anavuka ua na ndoo ya maji, wima, hatua ndefu. Nikakohoa. Aliponiona tu, papo hapo akaanza kuchechemea. Tena mguu wa kulia. Wa kwangu!

"We! Unamfanyia nani maigizo?"

Akatua ndoo. "Dada, nisamehe. Naona haya kutembea mbele yako. Siku zote tulikwenda pamoja. Sasa nikinyoosha hatua, nakuacha nyuma."

"Kwa hiyo uiharibu nyonga yako, halafu na mimi nibebe lawama hiyo?" Nilikuwa nimewaka. "Nenda mpaka getini, urudi. Wima. Nikuone."

Akaenda huku analia. Jamani, alipendeza, mgongo umenyooka. Nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi, na hapo hapo wivu ukaniingia. Mdogo wangu wa kunyonya ziwa moja! Nikajionea aibu.

Aliporudi akanitazama usoni. "Dada, umeumia moyoni?"

"Hata kidogo," nikamwambia. "Hebu rudia."

Akageuka kwenda, nami nikafumba macho.