Lambo Letu Kwenye Shuka

Jana jirani aliwasha jenereta, harufu ya petroli ikanipiga puani, nikasimama na sufuria mkononi kama niliyeitwa.

Harufu hiyo ililetwa kwetu nilipokuwa mtoto, na gari la sinema la serikali. Walifunga shuka jeupe kati ya miti miwili mbele ya baraza la mtemi, na giza lilipoingia mashine ikaanza kunguruma. Nilikaa mchangani miguuni pa mama. Kichwa kilikuwa kinaniwasha, nywele ndiyo kwanza zinaota baada ya kunyolewa kwa msiba wa baba.

Kwenye shuka wakatokea wanaume wakichimba lambo. Lilikuwa lambo letu! Nikamkumbuka yule mzungu aliyekuja na kamera kiangazi, wanaume walipokuwa wakilichimba kwa amri ya serikali. Halafu mmoja akageuka, akafuta jasho kwa kiganja.

Baba. Baba yule yule tuliyemzika masika, nami nikiwa nimesimama pale pale kaburini.

Mama aliinuka, akapita katikati ya watu, akazunguka nyuma ya shuka kumtafuta. Akarudi peke yake. Akamwendea karani aliyekuwa akitufasiria, akapiga magoti.

"Bwana karani, nawaomba mumwachie. Huyu alishakufa. Sisi tukajua amepumzika."

Mashine ikaendelea kunguruma. Na pale kwenye shuka, baba akainama, akaliinua jembe tena.