Zamu ya Mama Sechelela

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nausikia tena uzito wa kuni kichwani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilijaa minadani, sukari ilikuwa imerudi madukani, na sisi wa uwanda huu wa Dodoma tulikuwa na njaa yetu ile ile ya kabla ya mavuno. Ruksa haileti mvua.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, nikafuata ng'ombe wa watu kwenda mnadani, na tangu hapo sikutulia. Nimeuza chumvi, nimeuza mashati, nimechimba visima. Nilipooa katika kijiji kimoja njia ya kwenda Chemba, watu walisema sitamaliza hata masika moja. Nikakaa. Kilichonishika hakikuwa shamba, ilikuwa ile shule ya msingi aliyosoma mwanangu wa kumzaa, Mose. Shule niliyoikimbia mwenyewe nikaanza kuiendea kwa miguu yangu, kwa hamu tu ya kujua wanafundishwa nini.

Miezi ya njaa, wazazi walipika uji pale shuleni kwa zamu. Kila darasa lilikuwa na siku yake, na Jumanne ilikuwa ya darasa la pili, darasa la Mose. Mama wa kila mtoto alikuja na maji na kuni zake. Wanaume hawakuonekana, isipokuwa mimi niliyekuwa napasua kuni huku nauliza maswali.

"Baba Mose," wakanitania, "leo mnada umefungwa?"

"Umefungwa, shemeji. Nimekuja kununua uji."

"Uji hauuzwi hapa. Pasua kuni."

Katika wale kina mama alikuwapo mmoja, Mama Sechelela, mwembamba, mcheshi, mwenye mtoto mmoja tu. Yeye ndiye aliyegawa uji, kwa sababu alimjua kila mtoto wa darasa lile: nani amekuja bila kula jana, nani anaona haya kuomba kikombe cha pili. Sechelela wake alikuwa akijipanga mwisho wa mstari makusudi, ili apate ukoko wa chini ya sufuria. Mama yake alijifanya hajui.

Masika hayo surua ikapita kijijini. Sechelela akafa.

Tukazika. Tukakaa matanga. Na matanga yalipoisha, Jumanne ya darasa la pili ikawa inakuja kama kawaida, maana siku hazijui kupiga hodi. Wazazi tukakutana kando ya ofisi ya mwalimu mkuu, na neno likatoka, la huruma tupu. Atawezaje yule mama kusimama mbele ya watoto waliosoma na mwanawe na kuwagawia uji? Tumpumzishe. Wote tukaona ni jambo jema. Wakanituma mimi nikamwambie, kwa kuwa miguu yangu haikuwahi kuchoka.

Nilimkuta uani asubuhi ile ya Jumanne. Amekwisha kujifunga kanga, maji yako kwenye ndoo, kuni zimefungwa kamba.

"Kwani niliharibu uji?" akaniuliza nilipomaliza maneno yangu.

"Hapana, dada. Wenzako wanasema upumzike."

"Nipumzike na nini?"

Akaninyanyulia mzigo wa kuni akanitwika. "Nilishazikata," akasema. "Zisilale hapa." Akarudi ndani.

Shuleni nilipotua mzigo, Bibi Nyemo alikuwa anakoroga. Huyu alikuwa mzee kuliko wote pale, mwenye wajukuu karibu kila darasa, na mwiko haukutoka mkononi mwake ila kwa ruhusa yake mwenyewe. Akazitazama kuni, akanitazama mimi.

"Shikamoo bibi."

"Kuni za Mama Sechelela nazijua, anazifunga kwa mkono wa kushoto. Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamweleza. Wenzangu wakasogea kunisaidia: tumemwonea huruma, bibi, asije akaumia. Bibi Nyemo akauacha mwiko ndani ya uji, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Mimi nimezika wanne," akasema. "Kila nilipozika mmoja, walikuja kunigongea: mama fulani, jembe lako liko wapi, twende. Nikawachukia. Nikaenda. Ningebaki ndani ningekufa. Mtoto wake kachukuliwa na Mungu, hayo yameisha, hatugombani na Mungu. Lakini shule kanyang'anywa na nani? Ni ninyi."

"Bibi, tutamwita siku ya wazazi," mmoja akasema. "Tutamheshimu mbele ya watu."

"Mwiteni leo. Uji haujaiva."

Hatukumwita siku ile. Tuliona haya, na haya ni mshauri mbaya. Tukasema siku ya wazazi iko karibu, tutafanya kwa uzuri zaidi.

Siku hiyo ilipofika shule ilipendeza. Uwanja ulifagiliwa, watoto walikimbia na magunia, kwaya ikaimba hata mgeni rasmi akasahau hotuba yake. Mama Sechelela tulikuwa tumempelekea ujumbe, na alikuja. Tukampa kiti cha mbao chenye kitambaa cha kufuma, karibu na meza kuu, na soda akafunguliwa wa kwanza. Tulijiona tumetengeneza.

Kisha darasa la pili likaitwa kuimba, na kama ilivyo desturi yetu, kina mama wa darasa hilo wakashika ngoma za muheme, zile zipigwazo na wanawake wa kwetu, na kuingia uwanjani kucheza na watoto wao. Nilimwona Mama Sechelela akiweka soda chini. Alikuwa amekwisha kuinuka, mkono mmoja unakaza kanga kiunoni, pale jirani yake alipomshika bega, kwa upole kabisa, akamwambia, "Kaa tu, mama. Leo wewe ni mgeni wetu."

Akakaa. Akatazama wimbo wote hadi mwisho, akapiga makofi.

Bibi Nyemo alikuwa nyuma yangu. Hakupandisha sauti. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Huyu mmemfanya mgeni wa milele."

Wiki ile Mama Sechelela alifunga nyumba akahamia kwa kaka zake. Jumanne iliyofuata Bibi Nyemo aligawa uji mwenyewe, na watoto walioona haya kuomba kikombe cha pili hawakukipata, kwa sababu hakuna aliyewajua.

Miaka ikapita. Mimi nikarudia minada yangu, na siku moja mnadani Chemba nikamkuta anauza maandazi. Alinitambua kwanza yeye. Tukasalimiana, akanipa andazi akakataa senti zangu. Nikataka kumwomba radhi, akanikatiza kwa kuuliza habari za watoto. Si za kijiji. Za darasa lile. Aliuliza mmoja mmoja kwa jina, nani anasoma vizuri, nani kaacha, nani meno yake yamekaa sawa. Nikamwambia wako darasa la sita sasa.

"Wamefika wapi?" akauliza.

Sikumwelewa. "Kwa masomo?"

"Kwa urefu, Baba Mose. Nilitaka kukaa pale niwaone wanavyokua, nijue wangu naye angekuwa amefika wapi."

Nikainua mkono, vidole vikitazama juu kama tunavyompima mtu, nikausimamisha usawa wa kifua changu. Yeye hakuutazama mkono. Aliitazama ile nafasi chini yake, taratibu, kutoka juu hadi ardhini, kama mtu anayemkagua mtoto kabla hajamruhusu kwenda shule. Nami sikuushusha mkono hadi aliporidhika.

Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu juzi hapa Chang'ombe ya Dodoma mjini nimesikia mama mmoja kafiwa na mtoto, na wazazi wenzake wakamtoa kwenye kundi lao la simu la darasa, eti picha za watoto zisimuumize. Wana huruma, sikatai. Nasi tulikuwa nayo. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wewe usimkadirie. Aliyefiwa usimwondoe kwenye zamu kabla ya kumuuliza. Mwache yeye aseme siwezi. Na ukikosea, nenda kamwite uji ukiwa bado jikoni, usingoje sherehe. Anayetaka kushika mwiko usimpe kiti.

Mungu awatunze watoto wako hadi wakuzike wao. Mahali pako pasijazwe na mtu ungali hai, na siku ya majonzi apatikane wa kukugongea mlango akuulize ndoo yako iko wapi.