Bourbon ya Baba Mkwe

"Ukija likizo, niletee bourbon yangu," baba mkwe alinipigia simu kutoka Nairobi. "Lakini iwe ya London."

Jamani, wiski ya Kimarekani nayo inaadimika London! Wembley hakuna. Harrow, mwenye duka akaniambia nirudi Alhamisi. Nikarudi, rafu tupu, naye ananichekea. Mwishowe nikapata chupa moja Ilford, nikaiviringisha kwa sweta zangu zote, nikasafiri nayo roho mkononi.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaifungia kwenye kabati la vioo pale sebuleni. Kisha akanimiminia kinywaji kutoka chupa nyingine. Ilikuwa bourbon ile ile.

"Hii tunanunua hapo dukani," akasema. "Ya London si ya kunywa."