Nyumba Nisiyoitaka Mowlem

Mchumba wa binti yangu alikuwa na adabu kupita kiasi, na adabu ya namna hiyo huninyima usingizi. Alikuja kwetu Buruburu mara mbili, akanisalimu kwa mikono miwili, akala kila alichopakuliwa, akasema yeye ni fundi wa lifti na anaishi peke yake mtaa wa Mowlem. Peke yake! Mwanamume mzima, na shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola? Nikajiambia, hapa kuna mke.

Sisi hatuozi binti kabla ya kumchimba mchumba. Njia yangu niliirithi kwa mama: unaenda kwenye ploti anayoishi mtu ukijifanya unatafuta nyumba. Jina hulitaji. Unaanza na maji, hutoka siku gani. Kisha unauliza majirani ni watu wa aina gani, na hapo midomo inafunguka yenyewe. Mchumba wa kwanza wa binti yangu nilimchimba hivyo hivyo. Maneno yakamfikia, akakasirika, akaenda zake. Mimi nilisema, kama alikuwa safi angebaki.

Basi Jumamosi moja nikafunga kitambaa kichwani nikaenda Mowlem. Nilipouliza tu habari za maji, keyateka, mzee anayetunza ploti, ufagio mkononi, akaniletea kigoda. Tangu lini mtu anayetafuta nyumba akapewa kigoda? Akasema maji yapo na majirani ni wazuri, hasa kijana wa ghorofa ya pili, fundi wa lifti, haleti wanawake, halewi. Mimi sikuwa nimetaja fundi yeyote. Nikasogea kwa mama mboga wa langoni, nikachagua nyanya, nikaanza tena na maji. Naye akanijibu yale yale: fundi wa lifti, haleti wanawake, halewi. Kisha akanishika mkono, akanivusha barabara polepole.

Njia nzima nilizungumza peke yangu. Watu hawa wamefundishwa, nikasema, na anayefundisha watu ana la kuficha. Kufika nyumbani, ile ndoa nilikuwa nimeshaivunja kichwani.

Binti yangu alikuwa jikoni akikata majani ya sukuma. Nikamwambia mtu wake ni mjanja, kawapanga majirani, wote wanasema maneno yale yale.

"Si yeye," akasema, kisu bado mkononi. "Niliyewapanga ni mimi. Yeye hajui hata kama ulienda."

Alijua nitakwenda. Alijua nitajifanya natafuta nyumba, na kwamba nitaanza na maji. Yule wa kwanza alimpoteza hivyo, akasema, na huyu hakuwa tayari kumpoteza. Nikamuuliza aliwaambia nini watu wa Mowlem.

"Niliwaambia mama yangu anaumwa. Kwamba tangu baba atuache, anaona mke mwingine kila mahali. Nikawaomba wasikukasirikie, wakujibu vizuri tu."

Nikakikumbuka kile kigoda, na ule mkono wa mama mboga. Hasira zilinipanda, halafu nikaona aibu mpaka nikakosa pa kutazama. Nilitaka kumwambia nisamehe, mwanangu. Wallahi neno lilikuwa mdomoni.

"Lakini lile shati," nikajisikia nikisema, "nani humpigia pasi?"

Aliweka kisu chini, akanitazama.

"Mimi, mama."